Kituo cha Katikati

Siku ya arobaini ya baba nilikuwa jikoni kwa shangazi, Magomeni, nikimenya vitunguu thaumu, na redio iliyowekwa juu ya friji ilikuwa inajadili watoto wa wazazi walioachana. Mgeni mmoja wa kipindi, mwenye sauti ya mtu aliyelala vya kutosha, alikuwa anaeleza kwamba ziko nchi ambako mahakama huanza na dhana kuwa muda wa mtoto ugawanywe sawasawa, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na yule asiyeutaka mgawo huo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwa nini. Akasema na sisi tungefaa kulifikiria. Akina mama waliokuwa wanachambua mchele wakaitikia kwamba ni haki, wanaume nao wana uchungu na watoto wao. Mmoja akasema hapana, mtoto ni wa mama, baba ni jina tu. Wakacheka. Mama yangu alikuwa amekaa karibu na mlango wa uani, juu ya mbuzi, akikuna nazi. Alikuwa amevuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja kuja kumsomea khitma mwanamume aliyemwacha miaka mingi iliyopita, na tangu afike alikuwa anatafuta kazi za pembeni ili asikae katikati ya ndugu wa mume. Aliendelea kukuna. Kisu changu kilikuwa kimesimama mkononi. Katika jiko lile lote ni mimi peke yangu niliyewahi kugawanywa nusu kwa nusu, na sikugawanywa mahakamani. Niligawanywa Guangzhou, China, mezani, kati ya sahani ya sambusa na birika la chai, na watu waliozoea kugawana kontena.

Habari za nani alianza na nani alimalizia sizisimulii. Mwenyewe mmoja yuko kaburini na wa pili hapendi. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na talaka ilipotoka baba alibaki kwenye fleti yetu upande wa Liuhua, karibu na stesheni kuu ya reli, ambako alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo, na mama akahamia Kangle, kwenye vichochoro vya viwanda vya kushona, kwa kuwa biashara yake ilikuwa madera na mabaibui ya oda. Wote wawili walinitaka. Watu nikiwaambia hivyo husema nilikuwa na bahati, wako watoto wasiotakwa na hata mmoja, na mimi hukubali kwa sababu ni kweli na kwa sababu nimechoka kueleza.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Mzee Kombo, mwenyekiti wetu Watanzania wa pale, mtu mnene, mwema, aliyekuwa anapakia mizigo ya nusu ya Kariakoo. Mimi niliwekwa jikoni na mkewe, nikaange sambusa, na mlango hawakuufunga kwa sababu ya moshi. Kwa hiyo nilisikia. Nilimsikia mama akisema mtoto wa kike hukaa na mamake, na baba akisema yeye ndiye mwenye fleti yenye vyumba, na wakapandishana mpaka Mzee Kombo akagonga meza. "Jamani," akasema, "sisi hapa kila siku tunachangia kontena. Watu wawili, kila mtu na nusu yake, katikati mnapanga maboksi, na mzigo unafika. Tuanzie hapo. Nusu kwa nusu, wiki huku wiki kule. Anayetaka zaidi ya nusu alete sababu." Ndipo Sheikh Nassor, aliyeitwa naye kwenye kikao, akakohoa. Sheikh naye alikuwa mfanyabiashara, anauza vipuri vya pikipiki, lakini alikuwa amesoma. "Mzee Kombo, mtoto si shehena," akasema. "Kwa madhehebu yetu mtoto akishajua jema na baya huulizwa, na atakayemchagua ndiye atakayekaa naye. Huyu ameshapevuka akili. Yuko hapo jikoni." Nikasikia kikombe kinawekwa juu ya kisahani taratibu. Nilishika mwiko, mafuta yananirukia mkononi, na moyo ulikuwa unanidunda kwa hofu na, sitaficha, kwa raha pia, maana hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu chochote tangu ugomvi uanze. Mzee Kombo akakata shauri. Tujaribu mwaka mmoja nusu kwa nusu, mwaka ukitimia tukae tena, na hapo mtoto ataulizwa. Wote wakaitikia. Nikapeleka sambusa mezani, na kila mtu akazisifu bila kunitazama usoni.

Kabla hatujaondoka, Mzee Kombo alisimama mbele ya ramani ya treni za chini iliyobandikwa ukutani kwake. Miaka ile njia ya treni ilikuwa bado moja kutoka stesheni kuu hadi Kangle, bila kubadilisha, na yeye akaifuata kwa vidole, akihesabu vituo kutoka kwa baba na vituo kutoka kwa mama, mpaka vidole viwili vikakutana kwenye kituo cha Haizhu Guangchang. "Hapa," akasema kwa furaha. "Mtakabidhiana hapa. Hakuna atakayesafiri zaidi ya mwenziwe." Alifurahi kweli, maskini. Sidhani kama kuna siku aliyofanya haki kwa uangalifu kuliko siku hiyo.

Basi kila Jumapili alasiri nilishuka Haizhu Guangchang na mzazi mmoja. Mwingine alikuwa anangoja upande wa pili wa jukwaa, karibu na nguzo, amekuja na treni ya kutoka kusini au ya kutoka kaskazini. Hawakusogeleana. Yule aliyenileta aliniachia mkoba wa shule, akaniwekea mkono kichwani, nami nikatembea mwenyewe katikati ya watu mpaka kwenye nguzo ya pili. Hapakuwa mbali. Hawakutoka nje ya kituo, kwa hiyo kwa mwaka mzima nilikuwa nafika Haizhu Guangchang kila wiki na sikuwahi kuona kuna nini juu. Nasikia pana uwanja na maua, na mto uko karibu.

Kwa baba palikuwa na harufu ya gundi ya karatasi na mikanda ya kufungia maboksi. Sebule ilikuwa ofisi, na tulikula juu ya meza ya kupimia mizigo, wali na maharage aliyoyapika yeye, kila siku wali na maharage, huku simu ikiwa katikati ya sikio na bega. "Mzigo wako umeshapanda meli, kaka, nakwambia umeshapanda," alikuwa anasema, na kwa jicho ananiuliza kama nimeshiba. Kwa mama chumba kilikuwa juu ya karakana, na sakafu ilitetemeka kwa vyerehani mpaka nikawa siwezi kupata usingizi pakiwa kimya. Yeye alikula pamoja na mafundi, na chakula kilipikwa na mwanamke wa jimbo la Hubei tuliyemwita Ayi, kama Wachina wanavyomwita mama mdogo. Ayi alikuwa na picha ya mwanawe ukutani juu ya jiko la gesi. Alikuwa amemwacha kijijini kwa bibi yake na alimwona mwaka mpya wa Kichina tu. Nilimwonea huruma mtoto yule, nikajiona mimi ni wa kuonewa wivu, mwenye mswaki pande mbili, kandambili pande mbili na msahafu pande mbili. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja, na kila siku kilikuwa upande ambao mimi sipo.

Walishindana kwa adabu. Baba akininunulia viatu, Jumapili inayofuata mama alikuwa amevitazama miguuni, na kabla wiki haijakwisha ninavyo vingine. Nilikuwa msichana mwenye viatu vingi na pasi na mahali pa kuviweka. Hakuna aliyemsema mwenziwe vibaya mbele yangu, nawapa haki yao, lakini hakuna aliyemtaja kabisa. Nikirudi na habari, kwamba mama amepata oda kubwa au baba ana mafua, zilipokelewa kwa "Ee, sawa," kisha mazungumzo yakageuzwa. Nikajifunza kuacha habari za huku huku na za kule kule. Nilipokuwa kwa baba sikuwa na mama, na nilipokuwa kwa mama sikuwa na baba, na kwenye jukwaa la Haizhu Guangchang, kwa dakika zile za kuvuka, sikuwa na hata mmoja. Kule shule, kwenye vyumba viwili vya kupanga walikosomeshwa watoto wa wageni, hakuna aliyejua nalala wapi, hata mwalimu.

Na muda wote nilikuwa natayarisha jibu. Nilijua mwaka ukiisha nitaitwa kutoka jikoni, nitasimama mbele ya Sheikh Nassor, na nitalazimika kutamka jina moja. Mwanzoni nilikuwa namchagua yule niliyetoka kumwacha. Treni ikienda kusini moyo wangu ulikuwa kwa baba, nikimwona amesimama jukwaani na mikono mifukoni. Ikienda kaskazini nilikuwa namtaka mama.

Jambo lililonibadilisha lilitokea Oktoba, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou. Ilikuwa wiki ya baba. Alikuwa na wateja wa kutoka Dar wanaotafuta jenereta, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi akanichukua tukazunguka nao kwenye kumbi zile zisizo na mwisho, mimi nikiwatafsiria maneno madogo madogo. "Laobani, punguza," nilikuwa namwambia kila mwenye kiwanda, maana pale kila mtu mwenye mali ni laobani, na wateja wakicheka na kusema mtoto huyu atakuwa tajiri. Tumbo lilianza kuniuma mbele ya jenereta za njano. Nilikwenda chooni, nikaona kilichonipata, nikakaa humo nikilia kwa sauti ndogo. Nilipotoka nilimwambia baba naumwa tumbo. Alikuwa katikati ya bei. Akanishika paji la uso, akanipa kadi ya treni, akasema niende nyumbani nikalale. Nyumbani. Nilipanda treni ileile, lakini badala ya kupitiliza mpaka Liuhua nilishuka Kangle.

Mama alifungua mlango na sindano mdomoni. Aliitoa, akanitazama, na neno la kwanza alilosema ni, "Leo si siku yangu, mwanangu." Halafu akaona jinsi nilivyojifunga sweta kiunoni, akanivuta ndani. Wapwani wenzangu wanajua kwamba msichana akivunja ungo si mamake anayemfunda, ni somo yake, na mama alikuwa wa pwani mpaka ndani ya mifupa. Hakuweza kunieleza kitu. Aliniogesha, akanipa kanga mpya, akamwita Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa Tanga aliyekuwa amefikia kwake kungoja mzigo. Bi Mwanaidi alifunga mlango, akanikalisha kitini, akavua saa yake na bangili kama anayetaka kukanda unga, akanifundisha usafi, na adabu zake, na jinsi ya kutoonea haya mwili wangu, kwa maneno mazuri ninayoyakumbuka mpaka leo. Nilikuwa na furaha. Nilisikia mama anapika upande wa pili wa ukuta, ubwabwa, kwa mara ya kwanza tangu aje Kangle, na kila mara alikuwa anauliza kupitia mlangoni, "Mwari wangu hajambo?" Nilijua kwetu mwari huwekwa ndani siku saba. Nikadhani basi, nimefika.

Tulipomaliza kula mama alisema nivae. Bi Mwanaidi aliweka chini bakuli. "Unampeleka wapi?"

"Kwa babake. Wiki yake haijesha."

"Weye una wazimu? Mwari ametoka ndani lini akatembezwa kwenye matreni? Atakaa na nani huko, na mwanamume?"

"Kwani mimi n'napenda?" mama akasema. "Nikimzuia siku moja akina Mzee Kombo wataambiwa nimevunja makubaliano. Itakuwa ndiyo sababu. Nami nusu yangu nitaipata wapi tena?"

Bi Mwanaidi akasema mkataba wa hivyo haujui damu wala adabu, lakini mama alikuwa ameshachukua mkoba wangu. Tulikwenda mpaka Haizhu Guangchang. Alikuwa amempigia baba, naye alikuwa pale kwenye nguzo yake na nguo za maonyesho, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Nilivuka nikiwa na kanga chini ya koti. Nilipogeuka mama alikuwa bado amesimama, na treni yake ilikuja ikaondoka bila yeye kupanda.

Baba aliiona kanga, akaelewa, na tulipofika kwake akakawia na vitasa vya mlango kuliko ilivyohitajika. Niliingia chumbani, nikajilaza, na nje nikamsikia akinyanyua simu na kuirudisha, akinyanyua na kuirudisha. Baadaye nilimsikia akijisemea mwenyewe, "Akirudi kule watasema nimeshindwa." Nilipofungua mlango nilikuta chupa ya chai ya tangawizi imewekwa sakafuni, na biskuti, na juu yake pakiti niliyoihitaji, ndani ya mfuko mweusi uliofungwa mafundo mengi. Nilikunywa chai ile peke yangu. Bi Mwanaidi aliondoka na mzigo wake kesho yake asubuhi, kabla zamu ya mama haijafika, na mafundisho yangu yakaishia hapo, nusu.

Tangu siku hiyo nililibadilisha jibu. Sikutaka tena mama, wala baba. Nilikuwa nalisema kimoyomoyo kwenye treni, kwa Kiswahili cha heshima ili nisije nikababaika mbele ya Sheikh: yeyote kati yenu, mradi awe mmoja. Nilitaka kitabu cha hesabu kiwe mahali nilipo. Nilitaka kuumwa siku yoyote. Niliona ni jibu zuri lisilomwaibisha mtu, na nikaanza kuungoja mwisho wa mwaka kwa hamu.

Ulipofika, mkewe Mzee Kombo aliniita kutoka jikoni mwenyewe, akanifuta unga mikononi. Sheikh Nassor alinikalisha kwenye kiti cha watu wazima. "Saida," akasema, "hapa hakuna atakayekukasirikia. Utakalosema ndilo." Nikavuta pumzi.

"Asiulizwe," akasema baba.

"Asiulizwe," akasema mama, pale pale, karibu wagongane. Katika mwaka ule wote lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana.

Sheikh aliwabembeleza, akawaambia wananinyima haki yangu. Wakatikisa vichwa. Baba alikuwa anatazama ramani ya treni ukutani, na mama ametazama mapajani. Nikaambiwa nirudi jikoni, na huko nikasikia namna Mzee Kombo alivyotafuta haki nyingine. Mtoto arudishwe nyumbani, akasome. Akipelekwa kwa bibi yake wa Unguja, upande wa baba utakuwa umedhulumiwa. Akipelekwa kwa bibi wa Dar, upande wa mama. Basi aende bweni, Morogoro, kusiko na ndugu wa mtu, ada wachange, na likizo wagawane. Wote wakaona ni sawa. Na kweli ilikuwa sawa, kila mmoja alibaki na sifuri. Nilikaa bweni miaka mitano, kitanda cha juu, na viatu vyangu vyote vikiwa kwenye sanduku moja, na siku za kutembelewa nilikuwa najitolea kusafisha maabara. Sikuwachukia. Nilikuwa mpweke tu, na upweke ule nimetembea nao, hata kwenye ndoa yangu nimekuwa mtu wa kuuliza kabla ya kukaa.

Baba aliniuliza mwezi wa mwisho wa maisha yake, hospitalini. Nilikuwa namlisha uji. Alimeza, akasema, "Hivi siku ile kwa Mzee Kombo, tungekuacha useme, ungemtaja nani? Mimi niliogopa ungemtaja mama yako." Nilimtazama, mtu aliyekuwa anabeba maboksi kwa bega moja sasa anafutwa mdomo. "Wewe, baba," nikasema. Akafumba macho, uso wake wote ukalegea. "Nilijua," akasema.

Arobaini ilipokwisha, watu wakatawanyika na vibakuli vyao vya pilau, tukabaki uani, mimi na mama, tunaosha masufuria. Redio ilikuwa imezimwa zamani. Mama alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Yule mtu wa redioni," akasema bila kuinua kichwa, "mgao wake mzuri. Sisi tulifanya vile vile, wala hatukukudhulumu hata siku moja." Nikamwambia ni kweli. Akasugua tena. "Saida. Ungeulizwa siku ile, ungesema nani?"

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye karo. Jibu langu la kwenye treni lilikuwa bado ninalo, zima, kila neno mahali pake, na hapakuwa tena na wa kupewa.

"Wewe, mama."

Mikono yake ikatulia ndani ya povu. "Nilijua," akasema, kama alivyosema baba, kisha akanisogezea sufuria nyingine nisuuze.